Sonona isiyokuja peke yake: maswali tunayoulizwa kliniki

Maswali haya huulizwa na wagonjwa na ndugu zao, na mengi huulizwa nje ya chumba, pale kwenye benchi, mtu anapokwambia "sista, naomba nikuulize kitu" huku jicho liko mlangoni. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika mkoa mmoja wa pwani ya Tanzania. Sonona ya peke yake tunaiona na mara nyingi inatibika bila vurugu. Wanaohangaika, na wanaotuhangaisha, ni wale ambao imewajia na kisukari, au na pombe, au na mambo waliyoyaona ambayo hayatoki kichwani. Nimejibu kama ninavyojibu pale benchini, ila hapa hakuna foleni nyuma yako.

Sonona ndiyo msongo wa mawazo?

Watu huchanganya, na lugha yetu inachangia. Mtu akisema "nina mawazo" anaweza kuwa na deni la ada tu, na ada ikilipwa mawazo yanaondoka. Sonona haiondoki hivyo. Tunaanza kuifikiria pale mtu anapokuwa mzito moyoni, au hana hamu na chochote, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi, chakula, kazi na ibada vikaanza kuyumba. Wenzetu wa Kenya wengi huiita unyogovu.

Wachache sana huingia na kusema "nina huzuni". Husema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili umechoka kama mtu aliyelima, tumbo lina vidonda ambavyo kipimo hakivioni. Si sisi peke yetu. Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na mradi wao wa benchi la urafiki, ambapo bibi waliofundishwa hukaa na wagonjwa nje ya zahanati, ulianzia kwenye neno hilo. Watafiti waliokwenda Masaka na Rakai, Uganda, walikuta wanakijiji tayari wana majina mawili ya hali hiyo, moja la kujichukia na jingine la kujihurumia, wakajenga tiba ya vikundi juu ya majina hayo. Matokeo yalichapishwa 2003 na yalikuwa mazuri. Mimi hupenda kuanza na neno la mgonjwa mwenyewe. Jina la kwenye faili litakuja baadaye.

Mkisema sonona changamani mna maana gani?

Mara nyingi moja kati ya hali tatu. Kwanza, sonona pamoja na ugonjwa mwingine wa akili: wasiwasi, kiwewe, baipola (moyo kushuka sana, kisha kupanda sana), ulevi. Pili, sonona pamoja na ugonjwa wa mwili: kisukari, VVU, kifua kikuu, kifafa, kiharusi. Tatu, sonona iliyotibiwa na haikusikia dawa. Ukichunguza vizuri hiyo ya tatu, mara nyingi utakuta moja ya zile mbili imejificha ndani yake.

Na zinalishana. Mwenye sonona hana nguvu ya kwenda kuchukua dawa za sukari; sukari ikipanda anachoka zaidi; akichoka anajiona hana maana. Ukitibu upande mmoja tu, ule mwingine unaurudisha chini.

Sasa mtajuaje kipi kilianza?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi yenyewe ilipo.

Mama mmoja wa miaka hamsini na kitu alikuja na mfuko wa rambo, ile iliyopigwa marufuku 2019 lakini majumbani bado ipo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akaumimina mezani. Dawa za presha, metformini ya sukari, amitriptilini ambayo ni dawa ya zamani ya sonona, diazepamu za kutuliza za kununua dukani bila cheti, tramadoli za mgongo, na chupa ya dawa ya miti shamba bila lebo. Zilitoka kwa watu wanne tofauti na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuona mfuko wote. Barua yake ya rufaa ilisema: sonona sugu, haisikii amitriptilini.

Sikumpa dawa siku ile. Nilichukua karatasi, nikapiga mstari mrefu, nikamwambia tuanze pale alipokuwa mzima. Juu ya mstari tukaandika maisha: ndoa, watoto, ajali ya basi, msiba wa mtoto, duka kufungwa. Chini tukaandika maradhi na dawa, kila moja na mwaka wake. Ilichukua dakika arobaini, na alilia mara mbili.

Karatasi ile ilisema mambo ambayo barua haikusema. Kukosa usingizi kulianza baada ya ajali, kabla ya msiba, na kulikuja na ndoto za basi; hicho ni kiwewe, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Amitriptilini alipewa miligramu 25 kwa ajili ya ganzi ya miguu. Kwa sonona dozi hiyo kwa kawaida ni ndogo mno, kwa hiyo kusema dawa ilishindwa ni kuionea, haikuwahi kujaribiwa. Na metformini aliitumia miaka mingi. Ikitumiwa hivyo inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo wenyewe huleta ganzi, uchovu na kunyong'onyea. Mtu mmoja, mambo matatu, na yote yalikuwa yameandikwa sonona sugu.

Kwa hiyo jibu fupi: tunajua kwa kuuliza kwa mpangilio wa miaka. Je, kuna wakati huu ugonjwa wa pili ulikuwepo bila sonona? Au sonona bila huo? Dawa gani ilianza wiki chache kabla ya mabadiliko? Mashine haitajibu hilo.

Lakini si kuna kipimo cha damu?

Cha kuonyesha sonona, hakuna. Cha kuondoa wanaofanana nayo, vipo: wingi wa damu, sukari, VVU, kaswende, ujauzito, na tezi ya thairoidi pale maabara inapoweza. Tezi ikilegea, mtu huwa mzito, mwenye baridi, mwenye kunenepa na kusahau, na unaweza kumpa dawa za sonona mwaka mzima bila faida.

Ile karatasi ya maswali tisa inaaminika?

Inaaminika kama inavyoaminika kipimajoto. PHQ-9 ina maswali tisa, kila moja hujibiwa kwa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 tunakaa chini kuzungumza kwa undani. Ipo kwa Kiswahili na imetumika sana huku kwetu.

Tatizo ni kwamba uchovu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi vimo humo, na mwenye kifua kikuu anavyo vyote bila sonona. Kwa mgonjwa wa namna hiyo mimi huangalia zaidi majibu ya kukosa raha, kujiona hafai na kutamani kufa. Pia haifai kumpa mtu ajaze peke yake koridoni halafu ukasoma jumla tu. Nimewahi kuona karatasi yenye alama 8, ya mtu aliyejibu "karibu kila siku" kwenye swali la tisa. Jumla ilikuwa ndogo. Swali la tisa ndilo la kujiua.

Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua si kumpa wazo?

Hapana. Uliza, na uliza kwa maneno yaliyo wazi. "Kuna wakati unatamani usiamke?" Kisha: "Umefikiria kujiua?" Wengi hushusha pumzi, maana wamebeba jambo hilo peke yao kwa muda mrefu.

Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa nyumbani vitu vya hatari, na mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni usiku. Dawa za zamani za sonona ni hatari zikizidishwa, ndiyo maana wengine tunawapa za wiki moja tu na ndugu ndiye anayezishika. Msituone tuna choyo.

Ndugu wengi huja na hadithi ya "alikunywa kwa bahati mbaya" kwa kuogopa polisi. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Popote ulipo, mwambie mhudumu ukweli. Tiba ya ajali na tiba ya sonona si moja.

Mwanangu alipewa dawa ya sonona, wiki ya tatu akawa halali, anaongea bila kukoma, anagawa vitu. Amepona kupita kiasi?

Mrudishe kliniki leo, msingoje tarehe. Huenda ni baipola. Ugonjwa huo mara nyingi huanza na sonona, na upande wa pili, wa kupanda, hujificha kwa miaka. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mtu wa namna hiyo inaweza kumrusha juu.

Ndiyo maana kabla ya dawa tunauliza: kuna siku uliwahi kulala kwa muda wa saa tatu tu na bado ukawa na nguvu kuliko watu wote? Ulikopa, ulinunua, uliahidi mambo makubwa? Mgonjwa hukumbuka siku hizo kama siku zake nzuri, hivyo hazitaji. Muulize mama yake au mkewe. Tiba huwa ni dawa za kutuliza mawimbi, kama lithiamu, ambayo inataka damu ipimwe mara kwa mara pamoja na figo na thairoidi. Valproeti nayo inafanya kazi, lakini inadhuru mtoto tumboni, na binti wa umri wa kuzaa hapaswi kuanzishiwa kama kuna njia nyingine.

Na kwa vijana hadi miaka 24 kwa ujumla: wiki za mwanzo za dawa ya sonona ni za kumwangalia kwa karibu, kwa sababu kwa baadhi yao mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kabla ya nafuu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo hilo kwa watoto na vijana 2004, na 2007 likapanuliwa hadi umri huo.

Mume wangu anakunywa kila siku, na ana sonona. Kipi kitibiwe kwanza?

Jibu la zamani lilikuwa "aache pombe kwanza ndipo aje". Mimi silikubali. Umemfukuza, na hatarudi. Tunashika vyote pamoja. Ni kweli kwamba pombe yenyewe huzalisha sonona, na kwa wengi hali hunyanyuka ndani ya wiki mbili hadi nne za kutokunywa. Ikibaki baada ya hapo, hiyo ni sonona inayojitegemea. Lakini wiki hizo anahitaji mtu wa kumshika mkono, na anayetaka kujiua hasubirishwi.

Onyo moja. Kama asubuhi anatetemeka mpaka apate ya kwanza, asiache ghafla nyumbani kwa kuapishwa na familia. Ndani ya siku mbili anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuweweseka na kuona vitu. Watu hufa hivyo. Aletwe hospitali, ashushwe kwa dawa na apewe vitamini B1. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vidogo, vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, na hilo lilikuwa jema, ila gongo haina kiwanda cha kufunga.

Nina wasiwasi na sonona, na dawa imenizidishia wasiwasi.

Inawezekana kabisa, hasa wiki ya kwanza. Kwa mwenye wasiwasi mwingi fluoksetini, dawa ya sonona, huanzishwa miligramu 10 badala ya 20, kisha tunapanda. Tungekuonya mapema usingeacha dawa siku ya nne, na kosa hilo ni letu.

Diazepamu ndiyo ninayogombana nayo. Siku chache, sawa. Ya kununua dukani kila mwezi inakuwa ugonjwa wa tatu.

Penye kiwewe, dawa ni nusu ya njia, pengine chini ya nusu. Kuna tiba za mazungumzo zilizopimwa hapa hapa kwetu, tena na watu wasio madaktari. Kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi waliofundishwa waliwasaidia wakimbizi wenzao kusimulia maisha yao tangu mwanzo hadi mwisho, tukio baya likawekwa mahali pake katika hadithi. Moshi na Bungoma, watoto waliofiwa na wazazi walitibiwa na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo. Nairobi, wanawake waliopitia ukatili walipewa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano tu, na ulisaidia. Kwa hiyo mtu akikwambia lazima usubiri mwanasaikolojia atoke Dar, muulize nani kituoni amefundishwa.

Natumia dawa za VVU, au za TB, au za kifafa. Naweza kuongeza za sonona?

Ndiyo, na wengi wanafanya hivyo salama. Anayekuandikia ajue tu zote. Efavirenzi ya VVU ilisumbua watu kwa ndoto mbaya na kushuka kwa moyo. Sasa wengi wamehamia dolutegraviri, nayo ikikukosesha usingizi imeze asubuhi. Rifampisini ya TB huzipunguza nguvu dawa nyingi mwilini, zikiwemo baadhi za akili. Karbamazepini ya kifafa inagombana na dolutegraviri na pia na vidonge vya uzazi wa mpango. Na kifafa kisichotulia chenyewe huleta sonona, kwa hiyo usiache ya kifafa eti ili upate nafasi.

Na zile za mgongo: fluoksetini na tramadoli pamoja zinaweza kuleta homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa, fluoksetini na diklofenaki huongeza kuvuja damu tumboni. Hizi hazikuandikwa na daktari yeyote, zilinunuliwa dukani, ndiyo maana hazimo kwenye faili.

Familia inasema ni jini.

Sibishani. Nauliza wao wanaonaje na wameshakwenda wapi. Dua na maombi na dawa ya hospitali vinaweza kwenda pamoja, na nimewahi kufanya kazi vizuri na shekhe mmoja aliyekuwa akiwaambia watu wamalize dozi. Nakataa mambo matatu: kufungwa kamba, kunyimwa chakula, na kuambiwa uache ARV, yaani dawa za VVU, au insulini.

Wiki mbili sasa, sioni kitu.

Ni mapema. Usingizi na chakula huanza, moyo hufuata. Ipe wiki sita hadi nane kwa dozi kamili. Na hata hapo dawa ya kwanza haimponyi kila mtu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, uliokuwa na zaidi ya watu 4,000, karibu theluthi moja tu ndio waliopona kabisa kwa dawa ya kwanza, na wenye magonjwa mengine juu yake walipata shida zaidi. Kwa hiyo kubadilishiwa dawa si kufeli kwako.

Tunasema haisikii dawa pale tu dawa mbili tofauti zimetumika kwa dozi na muda wa kutosha. Kabla ya hapo narudi kwenye mstari wa karatasi: anameza kweli? dozi ni ya sonona? kuna pombe? kuna baipola? kuna mtu nyumbani anampiga? Swali hilo la mwisho limewahi kueleza miaka mitatu ya sonona sugu kwa jibu moja. Baada ya hapo ndipo daktari wa magonjwa ya akili anabadilisha, anaongeza dawa ya pili, au anafikiria tiba ya umeme. Hiyo ya umeme hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kwa sonona nzito ya kutokula na kutosema inaweza kuokoa maisha. Picha mliyonayo kichwani ni ya sinema.

Ramadhani nifanyeje?

Fluoksetini ni mara moja kwa siku, imeze daku. Amitriptilini baada ya tarawehe, itakulaza. Mwenye lithiamu asiamue peke yake: ukikaukiwa maji inapanda kwenye damu, na kutetemeka, kuharisha na kuyumba ni dalili za kukimbilia hospitali. Njoo mwezi wa Shaabani tuzungumze, usije wiki ya pili ya mfungo.

Nitatumia dawa maisha yote?

Wengi hapana. Baada ya kupata nafuu kamili tunaendelea miezi 9 hadi 12, kisha tunashusha taratibu. Waliorudiwa mara kadhaa huenda mbali zaidi. Kuacha kwa kuwa umejisikia vizuri ndiyo njia ya kawaida ya kurudi kwangu.

Siku ya kwanza nije na nini?

Kwetu Jumanne ni sukari, Alhamisi ni akili, CTC, kliniki ya VVU, wana kadi yao, na kadi hizi hazisemezani. Mpaka zitakaposemezana, wewe ndiye faili. Njoo na daftari moja la kurasa arobaini ambalo kila mhudumu ataandika humo, hata akinuna. Njoo na mtu mmoja aliyekujua kabla hujaugua. Atakaa nje mwanzoni, kisha tutamwita ukiridhia. Njoo na saa nzima, maana ule mstari hauchorwi kwa dakika tano. Na mfuko wa dawa uje wote, pamoja na zilizokwisha muda na ile chupa isiyo na lebo.